Msitu Niliousimulia Kabla ya Kuuona

Nilifunga safari ya kwenda kwenye msitu wa mvua kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia watu kwamba nimefika. Nalisema hili mapema ili msije mkanidhania mtu wa maana. Wengine huondoka kwao kutafuta uzuri wa nchi. Mimi niliondoka kuukimbiza uongo wangu mwenyewe kabla haujafika mbali zaidi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Haneti, kaskazini mwa wilaya ya Chamwino, na nafundisha darasa la tano. Miaka ishirini na mbili nimefundisha somo la misitu kwa chati moja tu ya karatasi ngumu, ambayo mchwa wameila upande wa chini, kwa hiyo msitu wetu wa mvua hauna ardhi. Mwaka huu mvua ilikatika mwezi wa pili. Mtama ulikuwa umeanza kukunja majani shambani, nami nimesimama mbele ya chati ile nikiwaeleza watoto kwamba zipo sehemu za nchi hii hii ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Nyemo akanyoosha mkono. Nyemo ni msichana mwembamba anayelelewa na bibi yake, na akiuliza swali hakai chini mpaka ajibiwe.

"Mwalimu, wewe umefika huko?"

Jibu lilikuwa neno moja tu, hapana, wala lisingeniua. Lakini watoto wote walikuwa wananitazama, na nikaona haya kukiri kwamba miaka yote hiyo nafundisha nisichokijua. "Nimefika," nikasema.

Mungu wangu! Darasa zima likatulia tuli. Basi na mimi nikanogewa. Nikawaambia ndani ya msitu ni giza totoro mchana kutwa, huoni hata kiganja chako. Nikawaambia niliona kima wa kila rangi wakirukaruka juu ya kichwa changu. Nikawaambia watu wa huko hawalimi, chakula kinaota chenyewe, kazi yao kulala na kusikiliza mvua. Waliandika yote kwenye madaftari, na mimi nikakusanya madaftari nikasahihisha kwa kalamu nyekundu, vema juu ya vema.

Tangu siku hiyo kila Ijumaa, tukishamaliza usafi, walitaka niendelee. Nyemo alikuwa wa kwanza kuuliza, na maswali yake yalikuwa madogomadogo. Mwalimu, ulilala wapi? Mwalimu, ulivaa viatu gani? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mwisho Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, Nyemo aliponifuata hadi mlangoni akasema, "Mwalimu, bibi anakuomba upite nyumbani umsimulie na yeye."

Bibi yake Nyemo ni mtu mzima ambaye hata mwenyekiti wa kijiji humwamkia kwa kuinama. Ameona njaa nyingi zilizopita, na mvua ni jambo asilolifanyia mzaha. Watoto nilikuwa nimewazoea. Lakini kukaa kwenye kigoda mbele ya mama yule na kumwelezea mvua nisiyoijua, hilo lilinishinda. Nikamwambia Nyemo nitakwenda baada ya likizo ya mwezi wa nne. Nikarudi nyumbani nimeshaamua: nitakwenda kuuona huo msitu kwa siri, halafu yale niliyosema yatakuwa kweli, na hakuna atakayejua kilichotangulia ni kipi.

Siku ya pili ya likizo, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi linalotoka Kondoa kwenda Dodoma. Mume wangu nilimwambia naenda Area D, mjini Dodoma, kumsalimia mdogo wangu Loisi, jambo ambalo lilikuwa kweli nusu. Nilibeba nguo za kubadilisha, kanga mbili, ubuyu wa kutafuna njiani, na dumu la lita tano la maji ya kunywa. Kwetu mtu hasafiri bila maji. Sikuwaza hata kidogo nayapeleka wapi.

Loisi ni mfanyakazi wa ofisi ya serikali, mcheshi, na hafichwi kitu. Alipoona dumu akajua siendi karibu. Nikamweleza yote jikoni kwake huku anakaanga vitumbua. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Yaani dada, wewe mzima wa akili, unasafiri nusu ya nchi kwa sababu ya mtoto wa darasa la tano?"

"Kwa sababu ya bibi yake."

"Si ungesema tu ulikosea?"

"Nimesema Ijumaa nne, Loisi. Mtu anakosea Ijumaa nne?"

Akageuza vitumbua. Usiku ule alinitafutia kwenye simu habari za Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro, akanionyesha mahali pa kushukia, akaniazima na raba zake. Zilinibana kidole gumba safari nzima.

Kesho yake asubuhi nilipanda treni ya umeme. Niseme ukweli, kitu kile kinakwenda. Nilikaa dirishani nikiangalia nchi yetu inavyobadilika. Kwanza mibuyu na vichaka vya miiba, udongo mwekundu, mbuzi juu ya kichuguu. Kisha vilima vikasogea, tukaanza kuingia na kutoka kwenye mahandaki, na kila tulipotoka upande wa pili majani yalikuwa yameongezeka kidogo. Baada ya handaki mojawapo mama aliyekaa mbele yangu alikaza mtandio wake shingoni akasema hewa imekuwa nzito. Mimi niliivuta kwa nguvu. Ilikuwa na harufu ya nguo zilizoanikwa ndani.

Morogoro nilifika jua halijawa kali, nikachukua basi la Ifakara. Barabara ile inakatiza hifadhi ya Mikumi, na abiria wakaanza kunyooshea vidole twiga na swala kama wanavyoonyeshana mashamba ya ndugu zao. Tukakunja kushoto, tukashuka, tukavuka mto mkubwa pale Kidatu. Nikamuuliza jirani yangu wa kiti mto ule ulikuwa umejaa tangu lini. Akanitazama. "Umejaa? Huo hivyo ndivyo ulivyo," akasema. Kutoka hapo ikawa miwa kushoto, miwa kulia, na upande wa kulia nyuma ya miwa ukasimama mlima, mweusi kwa miti kuanzia chini hadi mawinguni. Nilijiambia, mwalimu, somo lako lile pale.

Saa tisa alasiri nilishuka Mang'ula. Nyumba ya wageni niliyoelekezwa ilikuwa ya mama mmoja Mpogoro, Mama Rehema, lakini mwenyewe hakuwepo. Binti wa mapokezi alinipa chumba. Nikalaza mgongo. Mara nikasikia tone juu ya bati. La pili. Halafu mvua ikamwagika kama gunia la mahindi limepasuka.

Sasa hapa ndipo nilipojiumbua. Mtu aliyekulia Haneti akisikia mvua juu ya bati, miguu hutangulia, akili hufuata baadaye. Niliamka nikatoka mbio. Nilikusanya ndoo mbili za uani nikazitega upenuni. Nikaingia jikoni nikatoa mabeseni, sufuria, hotipoti, bakuli za mboga, mpaka mfuniko wa pipa niliupindua nikautega. Nililowa chepechepe na nilikuwa na furaha kabisa. Nilikuwa napanga vikombe vya chai Mama Rehema alipoingia uani, mfuko wa nailoni kichwani, jembe begani, tope limempanda hadi magotini. Akasimama. Akatazama vyombo vyake vyote vimepangwa mstari.

"Mama," akasema taratibu, "tuna msiba?"

"Hapana dada, nakinga maji."

"Maji ya nini?"

Akanionyesha kwa kidevu bomba lililokuwa pembeni ya ukuta. Lilikuwa linatiririka lenyewe, halijafungwa, na hakuna aliyelijali. Maji yanatoka mlimani, akasema, mchana na usiku. Kisha akainama akaokota sufuria yake, maana alitaka kupika, na akamwaga maji yangu chini.

"Usimwage!" nilipiga kelele, kweli kabisa, kama mtu aliyeona mtoto anaanguka.

Akashtuka, sufuria mkononi. Nikaona aibu ikinipanda usoni. Nikamweleza kwamba kwetu maji ya kunawia hayamwagwi, yanapewa kuku au mche wa papai, na mtoto anayemwaga maji hukemewa kama aliyevunja kitu. Mama Rehema akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunicheka. Alichukua chupa tupu ya juisi, akaichovya kwenye ndoo, akaijaza, akafunga kifuniko na kunipa. "Basi haya yako," akasema, "mengine niachie nipike." Tulikula wali wa shamba lake na samaki. Akaniambia huamka saa kumi alfajiri kuwahi mpunga kabla ya ndege, na mvua ikizidi mpunga huoza, hivyo yeye huomba mvua ipungue. Sikuwahi kusikia mtu anaomba hivyo. Nilimeza tonge nikikumbuka nilichowaambia watoto, kwamba watu wa huku kazi yao ni kulala.

Asubuhi ya siku iliyofuata nilikuwa kwenye lango la hifadhi, pale Sanje, saa mbili. Mtu haingii peke yake. Nilipewa mwongozaji, kijana wa miaka thelathini na kitu aitwaye Kalinga, mrefu, mwenye panga kiunoni na sauti ya mtu aliyezoea kusimulia.

"Shikamoo mama. Umetoka wapi?"

"Marahaba. Dodoma."

"Mgogo?"

"Mgogo."

Akapiga makofi. "Mimi Mhehe! Basi wewe ni mtani wangu. Nakuonya mapema, ukifika kule juu usianze kuniomba kitu."

"Sikuombi," nikamjibu. "Mimi nashukuru tu kwamba mbwa wangu nimemwacha nyumbani, vinginevyo leo ungemla."

Tukacheka na askari wa lango akacheka. Watu wa makabila yetu wakikutana hutaniana hivyo, na baada ya hapo ugeni huisha. Nikaona bora nimetembea na mtani kuliko mtu wa heshima.

Tulianza kupanda. Nilikuwa nimejiandaa kwa giza, na jambo la kwanza lililonisuta ni mwanga. Msituni hakuna giza. Mwanga upo, ila umechujwa na majani mpaka umekuwa wa kijani, na hushuka vipande vipande, kimoja juu ya jiwe, kingine juu ya mkono wako. Nilikiona kiganja changu vizuri sana. Nilikitazama kwa muda.

Jambo la pili ni udongo. Kwetu ukitembea mwezi wa nane vumbi hukutangulia. Hapa mguu ulizama kidogo na haukutoa sauti. Nilichota udongo nikaunusa: ulikuwa mweusi, wa baridi, wenye vijizizi kama nyuzi. Gogo lililoanguka miaka mingi iliyopita lilikuwa limeota miti mingine mgongoni, mitatu kwa mstari. Mizizi ya miti mikubwa imesimama wima kama kuta za chumba, mtu anaweza kukaa humo na wanawe. Niliuliza kila kitu. Mti huu unaitwaje? Unatoa tunda? Nani analila? Huyu mdudu anauma? Kalinga akasema wageni wengi huuliza tu zimebaki saa ngapi kufika.

"Mimi ni mwalimu," nikasema. "Naandika."

"Na kima je, wako wapi?" nilimuuliza tulipokwisha kutembea kama saa nzima. Nilikuwa bado sijaona hata mmoja, na darasani nilisema wananirukia kichwani. Akaniambia ninyamaze. Tukasimama. Tulisimama mpaka shingo ikaniuma. Kisha tawi moja juu sana likatikisika, na pale akakaa mbega, mwenye nywele nyekundu utosini, akanitazama kwa macho ya msimamizi wa mtihani. Mmoja tu. Akaangalia, akaridhika, akaondoka zake. Nilijaribu kumpiga picha kwa simu nikapata majani.

Chini ya mti ule niliokota jani moja kubwa kuliko sinia. Nikalikunja polepole, nikalisogeza kwenye mkoba. Kalinga hakugeuka hata kugeuka.

"Mama, rudisha."

"Jani moja tu! La kuwaonyesha watoto."

"Kila anayekuja ana watoto. Cha humu kinabaki humu."

Nikalirudisha. Nilikasirika, sikatai, maana lilikuwa ndilo ushahidi wangu.

Ilikuwa karibu saa tano tulipofika kwenye kijito cha mawe. Kalinga alikuwa katikati anaruka jiwe hadi jiwe, mimi nyuma yake. Tulipopinda kona nikaisikia. Ngurumo. Nzito, inatoka juu, haikatiki. Wallahi sikufikiri. Niliruka nikamshika Kalinga ukosi wa shati, nikamvuta kwa nguvu zote hadi ukingoni, nikamsukuma apande. "Mto unashuka! Panda! Panda!" Naye akapanda kwa mikono na miguu, ametoa panga, akidhani nimeona tembo. Tulifika juu ya mwamba tunahema. Nikageuka kuangalia kijito. Kilikuwa kinatiririka vilevile, taratibu.

"Nini?" akauliza. "Nini mama?"

"Husikii?"

Akasikiliza. Halafu akakaa chini, panga likamtoka mkononi, akacheka mpaka machozi. "Mama! Ndiyo maporomoko yenyewe hayo! Ndiyo tunayoyafuata! Yananguruma hivyo tangu babu yangu hajazaliwa!"

Nilimwacha acheke amalize. Kisha nikamweleza. Kwetu mto ni mchanga. Mwaka mzima tunapita humo na mifugo, tunafukua visima humo humo kwenye mchanga, watoto wanacheza mpira. Halafu siku moja mvua inanyesha huko milima ya Chenene, kwetu jua linawaka, na unasikia ngurumo kama ile. Ukisikia huulizi. Unaacha ndoo, unaacha mbuzi, unapanda ukingoni. Rafiki yangu wa utotoni alirudi kuchukua ndoo.

Kalinga aliacha kucheka. Akanisogezea maji. "Kwa hiyo kwenu mto unakuja na kuondoka?"

"Unakuja na kuondoka."

"Na samaki wanakwenda wapi?"

Swali lile lilinipendeza, kwa sababu lilikuwa swali la Nyemo. Nikamweleza kuhusu kambare wanaojichimbia kwenye tope, na mibuyu inayotunza maji, na uwele, na zabibu, na ng'ombe. Alikuwa ametoa macho. Mwisho akakuna kichwa.

"Mama, unajua mimi wageni nikiwafikisha kule juu huwaonyesha upande ule, nawaambia nyuma ya milima hii iko Dodoma, jangwa tupu, mchanga na ngamia, na watu wake hawalimi kitu, wanasubiri kupewa."

Hasira zilinipanda papo hapo, na si za utani. "Umefika Dodoma wewe?"

"Sijafika."

"Sasa nani kakwambia? Mama yangu amelima mpaka mgongo umepinda, wewe unawaambia watu hatulimi? Ngamia! Umeona wapi ngamia Haneti?"

"Samahani mama. Ni maneno tu, wageni wanapenda."

Ni maneno tu, wageni wanapenda. Nikamkumbuka Mama Rehema, jembe begani, tope magotini. Kalinga akaniuliza kama naumwa. Ndipo nikamwambia yote, kuanzia chati ya mchwa hadi bibi yake Nyemo, na kwamba nilitaka niuone msitu ili nisilazimike kusema kwamba nilidanganya.

Safari hii hakucheka. Akachomeka panga lake. "Basi mtani," akasema, "mimi nitalifuta langu, na wewe kafute lako."

Tukaenda kuyaona maporomoko. Yanatoka kwenye mwamba juu kabisa, meupe, yanajimwaga mpaka chini yakiwa moshi, na ule moshi ukanipiga usoni. Nilisimama pale nimefumba macho, maji yananidondoka kwenye kidevu, nikawaza maji yote hayo na hakuna hata ndoo moja. Nililia kidogo. Kalinga aliangalia pembeni, nadhani kwa adabu.

Nilirudi kwa njia ile ile: miwa, Mikumi, treni, majani yakipungua kwenye kila handaki. Loisi alinifungulia mlango akaniuliza nilichopata. Nikamwonyesha picha. Zote zilikuwa kijani tupu, kama mtu aliyepiga picha fungu la mchicha. "Na chupa hii?" akauliza. Nikamwambia ni mvua. Akaitikisa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Dada, hii ni chupa ya maji." Na alisema kweli. Jani sikuwa nalo, picha hazikusaidia, na maji hayaandikwi yalikotoka. Nilichobaki nacho ni neno langu, na neno langu nilikuwa nimeshalichezea.

Jumatatu shule ilipofunguliwa nilibandika chati ukutani. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MASAHIHISHO. Watoto wakaguna, wakijua ni yao, wakafungua madaftari.

"Leo anayefanya masahihisho ni mwalimu," nikasema. Niliishika chaki kwa mikono yote miwili. "Mwezi wa pili niliwaambia nimefika kwenye msitu wa mvua. Sikuwa nimefika. Niliwadanganya. Nimekwenda wiki iliyopita. Fungueni pale nilipowawekea vema. Andikeni: mle ndani hakuna giza. Andikeni: niliona mbega mmoja, naye hakunirukia. Andikeni: watu wa kule wanalima kuliko sisi, na wanaamka saa kumi."

Hakuna aliyeandika. Walikuwa wananitazama tu, wakubwa kwa wadogo. Mwisho Nyemo akasimama.

"Mwalimu, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ulisema mle giza, mtu haoni kiganja chake. Halafu ukasema uliona kima wa kila rangi. Nikamuuliza bibi uliwaonaje."

Wenzake wakaanza kucheka chini kwa chini, wakakatiza. Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile ile.

"Bibi alinikataza," Nyemo akasema. "Alisema mtu mzima haumbuliwi mbele ya watu, anaitwa nyumbani."

Ndipo nikaelewa nilikuwa nimeitiwa nini Ijumaa ile. Nikageukia ubao, nikajifanya nafuta.

Jioni, jua likishuka nyuma ya milima ya Chenene, nilikwenda kwao Nyemo na chupa yangu. Bibi alikuwa anapepeta uwele uani. Nikapiga goti, nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa, bibi," nikamwambia nimekuja, na nimechelewa, na mtoto ameshanieleza. Aliitikia, akaniashiria kigoda. Nikampa chupa nikasema ni mvua ya kule, kama ataniamini. Akaifungua, akainusa, akaonja tone moja. Kisha akainuka kwa taratibu zake, akaenda kwenye mtungi, akaimimina yote humo juu ya maji ya kisimani, hadi tone la mwisho, akakung'uta chupa na kufunika.

Akarudi, akaketi, akaweka ungo magotini.

"Haya, mwalimu," akasema. "Sasa nisimulie."